Sauti na Picha Zinapoachana: Kusahihisha Masomo Yaliyorekodiwa kwa Video

Miongoni mwa zana zinazotumika leo katika mafunzo ya ualimu, simu yenye kamera imepata nafasi ya pekee. Mwanachuo hufundisha somo la dakika 20, mwenzake humrekodi, kisha wote huketi na mkufunzi kulitazama na kulijadili. Walimu wengine hurekodi masomo ya kusoma ili watoto wa darasa la kwanza wayatazame tena. Katika kazi zote mbili hutokea kasoro moja inayodharauliwa na wengi: sauti na picha haziendi pamoja. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kutambua chanzo cha kasoro hiyo, na namna ya kuisahihisha.

Tulipata kushuhudia madhara yake katika kikao kimoja cha tathmini. Mwanzoni somo lilikwenda vizuri. Kadiri lilivyoendelea, watoto walionekana wakinyoosha mikono kabla swali halijasikika. Wanachuo wenzake mwalimu huyo walimlaumu, wakidai kwamba alikuwa amewakaririsha watoto majibu. Hatimaye tuliirudisha video nyuma, tukazima sauti, tukaitazama midomo yake peke yake. Ikadhihirika kwamba swali lilikuwa limekwisha ulizwa kabla ya mikono kuinuliwa. Ni sauti iliyochelewa kwa sekunde 2. Mwanachuo alikuwa amehukumiwa kwa kosa la faili.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mtoto anayejifunza sauti za herufi hatumii masikio tu. Hutazama pia kinywa cha mwalimu. Mwaka 1976 wataalamu wawili, Harry McGurk na John MacDonald, walieleza katika jarida la Nature jaribio la ajabu. Watu walisikilizishwa silabi «ba» huku wakitazama midomo inayotamka «ga». Watu wazima wengi walisema wamesikia «da». Basi tumfikirie mwalimu anayetamka «ba, da, ga» kwa kuachanisha kila silabi kwa sekunde moja. Sauti ikichelewa kwa sekunde moja, mtoto atasikia «ba» wakati midomo inatamka «da». Aidha, mtoto mwenye usikivu hafifu, anayetegemea kusoma midomo, atapotea kabisa.

Hata hivyo, si kila tofauti inayodhuru. Tukimtazama kwa mbali mtu anayekata mti, tunaliona shoka likitua kabla ya kuusikia mlio wake, kwa kuwa sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 tu kwa sekunde. Tumezoea, basi, sauti kuifuata picha. Sauti kuitangulia picha ni jambo geni kwetu. Ndiyo maana pendekezo la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano la mwaka 1998 lilionyesha kwamba mtazamaji huanza kuitambua kasoro sauti inapotangulia kwa sekunde 0.045, lakini inapochelewa huitambua inapofika sekunde 0.125.

Hatua ya kwanza: tupime chombo kabla ya faili

Mwalimu mwangalifu hamwadhibu mtoto kabla ya kuuliza. Vivyo hivyo, tusiiguse faili kabla ya kuichezesha katika chombo kingine. Spika ya Bluetooth aghalabu huchelewesha sauti; tuiondoe, tusikilize kwa waya au kwa spika ya simu yenyewe. Kompyuta dhaifu au iliyofunguliwa programu nyingi hushindwa kuonyesha picha kwa wakati wake. Tuzifunge programu hizo. Ikiwa kasoro itatoweka, faili ni nzima, na tiba ni kubadili chombo. Ikiwa itabaki, tutengeneze nakala ya faili na kufanya kazi katika nakala hiyo. Faili ya asili isiguswe kamwe.

Hatua ya pili: tupime mahali patatu

Hapa ndipo wengi hukosea. Huona tofauti mahali pamoja, wakaisahihisha hapo, wakadhani wamemaliza. Yatupasa kupima mwanzoni, katikati na mwishoni, tukitumia tendo lenye mshindo: mlango uliofungwa, kitabu kilichoanguka, au makofi. Matokeo yatakuwa ya aina tatu.

(a) Tofauti ni ileile kila mahali. Kwa mfano, sauti imechelewa nusu sekunde mwanzoni, katikati na mwishoni. Mara nyingi sababu ni kwamba sauti ilirekodiwa kwa chombo cha pili, kisha ikaunganishwa na picha mahali pasipo pake. Tiba yake ni kuisogeza sauti yote kwa kiasi hicho. Kwa kutazama tu, programu ya VLC katika kompyuta ya Windows huisogeza sauti kwa sekunde 0.05 kila tunapobonyeza: herufi J huitanguliza, na K huichelewesha. Njia hiyo haibadilishi faili yenyewe. Ili kuisahihisha moja kwa moja, tutumie programu ya kuhariri: tuitenganishe sauti na picha, tuisogeze, kisha tuhifadhi faili mpya.

(b) Tofauti inakua. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa mwanachuo wetu: mwanzoni hapakuwa na tofauti, katikati ilikuwa sekunde 1, mwishoni sekunde 2. Kuisogeza sauti yote kwa sekunde 2 kungeponya mwisho na kuharibu mwanzo. Kasoro ya namna hii ni ya mwendo, si ya mahali pa kuanzia.

Video ni mfululizo wa picha moja moja, ziitwazo fremu. Simu nyingi haziweki idadi isiyobadilika ya fremu kwa sekunde. Chumba kikiwa na giza, simu huweza kuipunguza. Somo la dakika 20 ni sekunde 1,200. Kwa fremu 30 kila sekunde tungepata fremu 36,000. Simu ikirekodi kwa wastani wa fremu 29.95, zitapatikana 35,940. Programu ya kuhariri ikidhani kwamba kila sekunde ina fremu 30, itazimaliza kwa sekunde 1,198, hali sauti bado inahitaji 1,200. Hizo ndizo sekunde 2 zetu. Tiba ni kuirudia faili ya asili, kuigeuza kwanza iwe na kiwango cha fremu kisichobadilika, kwa programu kama HandBrake ambayo hutolewa bure, ndipo tuihariri.

Sababu nyingine ni kiwango cha sauti. Kinasa sauti hupima sauti mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Sauti ya kiwango cha kwanza ikichezeshwa kana kwamba ni ya kiwango cha pili, dakika 10 zitakwisha kwa takriban sekunde 551, na mwalimu atasikika akisema upesi kwa sauti nyembamba. Dalili hiyo ikisikika, tusahihishe kiwango cha sauti.

(c) Tofauti inatokea ghafula. Somo linakwenda sawa hadi dakika ya 9, kisha sauti na picha zinaachana kwa mruko. Huenda simu ilipata joto kali, au kumbukumbu yake ilikaribia kujaa, ikapoteza fremu. Tukate video mahali pa mruko na kuisogeza sauti ya sehemu ya pili. Ikiwa miruko ni mingi, ni afadhali kurekodi upya.

Kinga

Kabla ya kurekodi, tuhakikishe nafasi ya kumbukumbu inatosha, tufungue madirisha ili mwanga uingie, na turekodi dakika 2 za majaribio. Mwalimu asimame mbele ya kamera na kupiga makofi mara moja somo linapoanza, na mara moja linapokwisha. Tendo hilo dogo hutupatia alama mbili za kupimia, nazo hututosheleza kujua kama kasoro ni ya kusogea au ya kukua.

Tunawakumbusha wanachuo kwamba utaratibu huu hauna tofauti na ule wa darasani. Mtoto aliyekosea hesabu moja na mtoto anayezidi kukosea kila siku hawapewi msaada wa aina moja. Na anayetathmini somo la mwenzake kwa video hana budi kuhakikisha kwanza kwamba video inasema kweli.

Zoezi

Rekodini somo la dakika 5, mkipiga makofi mwanzoni na mwishoni. Lichezesheni kwa spika ya simu, kisha kwa spika ya Bluetooth. Andikeni tofauti mnazoziona, na elezeni kama kasoro imo katika chombo au katika faili.