Jamvi la Msiba

Yapo maneno yaliyonichosha: eti sisi watu wa pwani tunapenda misiba kuliko kazi. Mgeni akipita Unguja siku ya Jumatatu, akakuta wanaume wamejaa jamvini nje ya nyumba na uani kwa wanawake hapapitiki, huhesabu saa za kazi zilizopotea. Na wenzetu wa maofisini wameanza kuhesabu hivyohivyo. Haulizi mtu waliokaa pale wamefanya nini tangu alfajiri.

Vijana wa mtaa wamesikia tangazo la msikitini wakachukua majembe. Wamechimba kaburi, wamepasua mwanandani, mmoja wao kafuata viunza. Jirani huyu katoa sufuria, yule mchele, kwani nyumba iliyofiwa hupikiwa, kama Mtume alivyoamrisha wapikiwe watu wa Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muta. Ubani, pesa za rambirambi, umekusanywa. Jeneza likitoka, kila mwanamme hutia bega hatua chache akampisha mwenzake.

Na kubwa kuliko yote hayo hufanyika chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Maiti mwanamke huoshwa na wanawake. Shuka haiondoki juu yake. Mkono wa mwosha hupita chini yake, umevishwa kitambaa. Tumbo hubonyezwa taratibu, maji ya majani ya mkunazi humiminwa kuanzia kuliani, mwisho karafuu maiti, kisha sanda, nguo tano kwa mwanamke na tatu kwa mwanamme. Marehemu bibi yangu alikuwa mwosha. Aliitwa usiku, aliitwa kwa waliokufa kwa maradhi ambayo watu waliogopa hata kuyataja, na alikwenda. Akirudi alioga, akakaa, hakusema neno. Kidonda alichokiona, kovu, aibu yoyote ya mwili, vilizikwa pamoja na mwenyewe. Wanaosema mwanamke wa pwani hana kazi msibani kwa kuwa haendi makaburini, wangesimama dakika moja tu ndani ya chumba kile.

Thamani ya mikono hii ilionekana usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Wavuvi wa Nungwi walitia vyombo baharini kufuata watu waliokuwa wameshikilia magodoro. Waliookolewa walikuwa zaidi ya 600. Wengi wengine hawakuonekana tena. Maiti walilazwa viwanja vya Maisara, mjini, na watu wakapita safu kwa safu kutafuta nyuso za jamaa zao. Aliyekufa maji huhesabiwa shahidi, lakini huoshwa kama maiti wengine. Waliofanya kazi ile ya kuosha hawakuwa na cheo wala mshahara. Walikuwa watu waliozoea kuitwa mitaani mwao, na siku ile nchi nzima iliwaita kwa mara moja. Bila ya mazoea ya misiba midogo ya kila wiki, hii inayoitwa kupoteza kazi, mikono ile ingetoka wapi?

Arobaini ya marehemu imegeuka karamu, sina la kuitetea. Ninalolilia ni uoshaji. Chakula cha msiba sasa huagizwa, ubani hutumwa kwa simu, na haya naweza kuyavumilia, maana mtu aliye Muscat au London hana njia nyengine. Lakini ipo mitaa ya mjini ambamo binti anafiwa na mama yake, nyumba imejaa wanawake waliosoma, na gari inapelekwa mtaa wa mbali kumfuata bibi mmoja mzee aje aoshe. Wote wanasubiri, wanalia kwa dhati, na hakuna anayekunja mikono ya nguo. Haki yake ya mwisho mama yule ilikuwa aoshwe na mwanawe, na mwanawe yuko sebuleni, anaogopa.

Uoga huo hautokani na ubaya wa moyo. Hajafundishwa, basi. Zamani msichana aliingizwa chumbani ashike ndoo tu, baadaye amimine maji, baadaye ashike kichwa. Masheikh wetu husomesha hukumu za maiti darsani, na nawashukuru. Nawaomba jambo moja zaidi: wawaite hao mabibi waliobaki, waje waonyeshe kwa mikono mbele ya wasichana wa madrasa, wakati bado wanaweza kuinama.