Chakula cha Askari Aliyepasuliwa Kupunguza Uzito

Silaha ya kwanza ya askari ni mwili wake mwenyewe. Bunduki hurudishwa ghalani, hukaguliwa na kupakwa mafuta. Lakini mwili hauna ghala la kurudishwa, na mara nyingi haukaguliwi mpaka umekwisha haribika. Leo tunakusudia kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya jambo ambalo zamani halikusikika makambini, nalo ni upasuaji wa kupunguza uzito, na hasa namna ya kula na kupona baada ya upasuaji huo. Hatukulichagua jambo hili ili kuutangaza upasuaji, maana hiyo ni kazi ya madaktari. Tumelichagua kwa kuwa tulimwona askari mwenzetu akikaribia kulemaa, na sisi wenyewe tulikuwa na sehemu katika kosa hilo.

SAJINI NA SAHANI YA POSHO

Sajini huyo, ambaye hatutamtaja jina, alikuwa mtunza ghala. Alikuwa na miaka 44, urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 128. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na magoti yake yalikuwa yamechoka kwa mzigo. Alijaribu kupunguza chakula na kutembea, akapungua, akarudi pale pale. Hatimaye madaktari walimshauri kupasuliwa, naye akakubali.

Wiki ya tatu baada ya upasuaji alirejea kambini. Sisi tuliokuwa naye bwaloni tulimpokea kwa furaha, na kwa desturi yetu furaha haikamiliki pasipo sahani. Tukamwekea posho, maharage na nyama ya kuchoma. Alipodokoa kidogo na kusita, tulicheka. Mmoja wetu alisema kwamba askari asiyekula ni askari aliyekwisha jiuzulu. Sajini akala kwa heshima yetu, na muda haukupita akatoka nje akiwa ameshika tumbo, akatapika.

Tangu siku hiyo hakula tena mbele ya watu. Alikuwa akitapika karibu kila siku, na vidonge alivyopewa hospitali akaviacha kwa sababu vilimtia kichefuchefu. Hakumwambia mtu. Wiki ya saba, katika gwaride la asubuhi, alionekana akiyumba. Mkuu wa gwaride alidhani amelewa, akaamuru aandikwe mashtaka. Kumbe Sajini hakuwa ameonja hata tone la pombe. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi, asijue anapokanyaga. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Aliyemwokoa ni muuguzi wa zahanati ya kambi, mwenye cheo cha koplo, ambaye alipoambiwa ampime ulevi alimwuliza kwanza amekula nini wiki hizo, na ametapika mara ngapi. Alipopata majibu hakungoja. Alimpeleka hospitali siku hiyo hiyo, na huko Sajini akachomwa sindano za vitamini B1 kabla ya kutundikiwa maji yenye sukari. Utaratibu huo una maana kubwa, kwa sababu mwili uliokaukiwa vitamini hiyo ukipewa sukari kwanza huweza kudhurika ubongo.

UPASUAJI WENYEWE

Yafaa ieleweke kwamba upasuaji huu haukatwi kwa ajili ya kupendeza. Kipimo kinachotumiwa ni kugawanya uzito wa mtu kwa kilo na urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Kwa miaka mingi, tangu mapendekezo yaliyotolewa Marekani mwaka 1991, waliokubaliwa walikuwa wenye kipimo cha 40, au 35 ikiwa wana maradhi yaletwayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilishusha kiwango hicho kuwa 35 hata pasipo maradhi mengine, na 30 kwa baadhi ya wagonjwa, kama vile wenye kisukari. Sajini wetu alikuwa na kipimo cha 44.

Njia zinazotumika sana ni mbili. Katika njia ya kwanza, mfuko wa chakula hukatwa, robo tatu yake au zaidi ikaondolewa kabisa, na kinachobaki ni bomba jembamba mfano wa ndizi. Hii ndiyo aliyofanyiwa Sajini. Katika njia ya pili, iliyoanzishwa na madaktari Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani mwaka 1966, na ambayo imeboreshwa mara nyingi tangu hapo, hutengenezwa kifuko kidogo chenye ujazo upatao mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, nacho huunganishwa na utumbo mbele zaidi, ili chakula kipite kando ya sehemu kubwa ya tumbo.

Mtu aliyefanyiwa mojawapo aweza kupungua robo, au hata theluthi, ya uzito wake katika mwaka mmoja au miwili. Lakini kisu cha daktari hufanya kazi kwa saa chache tu. Kazi iliyosalia ni ya mgonjwa na kijiko chake, nayo ni ya maisha yote.

HATUA KWA HATUA

Kuruta hapewi bunduki siku ya kwanza. Huanza kwa kusimama, kisha kutembea, kisha kukimbia. Tumbo lililoshonwa nalo ni kuruta. Hospitali hutofautiana kidogo katika siku, na ratiba ya daktari aliyekupasua ndiyo amri. Hata hivyo mpango wa kawaida ni huu.

Siku moja au mbili za kwanza ni za vinywaji vyepesi vinavyopenya mwanga, kama maji na supu iliyochujwa, kwa kuonja funda dogo dogo. Baada ya hapo, mpaka kiasi cha wiki mbili, huja vinywaji vizito: maziwa, mtindi usiotiwa sukari, uji mwepesi uliochujwa. Wiki ya tatu na ya nne ni za chakula kilichopondwa kikawa laini kama cha mtoto mchanga: yai lililovurugwa laini, samaki aliyeondolewa miiba akapondwa, maharage yaliyosagwa na kuchujwa maganda. Wiki ya tano na ya sita ni za vyakula vyororo vinavyopondeka kwa uma, kama samaki wa kuchemsha na matoke kidogo. Chakula kigumu cha kawaida hurudi baada ya wiki ya sita au ya nane, nacho hurudi polepole. Nyama ya kuchoma yenye nyuzi, posho ngumu na mkate laini unaoganda kama donge ndivyo hukaa mwisho kabisa katika foleni. Msomaji ataona mwenyewe ukubwa wa kosa letu la wiki ya tatu.

KANUNI ZA MEZANI

Ya kwanza, anza na chakula cha kujenga mwili, ndipo ufuate mboga, na wanga uwe wa mwisho. Mtu aliyepasuliwa huhitaji angalau gramu 60 za protini kwa siku, la sivyo mwili hula misuli yake wenyewe, na askari asiye na misuli ni sanamu iliyovikwa sare. Hesabu hii haihitaji vyakula vya kigeni. Mayai mawili yana gramu 12 hivi; vikombe viwili vya maziwa, gramu 16; kipande cha samaki cha gramu 100, kiasi cha gramu 20; nusu kikombe cha maharage, gramu 7. Jumla ni 55, na vijiko vichache vya unga wa mukene ndani ya uji hujaza pengo lililobaki. Mukene wetu wa ziwani, ambao wengine huwadharau, ni wenye protini na madini ya kalisi kwa bei nafuu.

Ya pili, tafuna kila tonge mpaka liwe uji, na mlo mmoja uchukue dakika 20 au 30. Hapa askari tuna tatizo, kwa sababu depo ilitufundisha kula upesi kabla filimbi haijalia. Kwa aliyepasuliwa, upesi huo ni adui. Dalili ya kushiba haiji tena kama uzito wa tumbo. Huja kama kubanwa kifuani. Ukiisikia, weka kijiko chini, hata kama kijiko hicho kimejaa.

Ya tatu, usinywe maji pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula, kisha unywe kidogo kidogo mpaka utimize lita moja na nusu au mbili kwa siku. Aliye lindoni awe na chupa yake, aonje kila baada ya dakika chache, kwa maana hawezi tena kugugumia lita nzima kwa mkupuo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, maji hayatoshi.

Ya nne, epuka soda, chai iliyokolea sukari na maandazi matamu. Hasa kwa waliofanyiwa njia ya pili, sukari humwagika utumboni kwa ghafula, na kabla ya saa moja kupita mtu hutoka jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota akaharisha. Wengine huanguka nguvu saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaposhuka. Hebu wazia hali hiyo ikimpata dereva wa lori la kikosi.

Ya tano ni pombe na tumbaku. Baada ya upasuaji, pombe huingia katika damu haraka kuliko zamani, na chupa moja huweza kumlevya mtu aliyezoea tatu. Aidha hatari ya kuwa mtumwa wa pombe huongezeka. Mwenye silaha mkononi hana nafasi ya kulifanyia jambo hilo majaribio. Sigara nazo huleta vidonda tumboni. Kadhalika, dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo sisi wenye magoti mabovu huzimeza kama njugu, zisitumiwe pasipo ruhusa ya daktari.

VIDONGE NA DALILI ZA HATARI

Tumbo dogo haliwezi kutoa vitamini zote zinazohitajika. Kwa hiyo aliyepasuliwa hutumia vidonge maisha yake yote: mchanganyiko wa vitamini, kalisi, vitamini D, madini ya chuma, na vitamini B12 kwa kidonge au kwa sindano. Kalisi na chuma visimezwe saa moja, kwani hushindana. Damu ipimwe miezi mitatu, sita na kumi na miwili baada ya upasuaji, kisha kila mwaka. Nywele zikipukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, asishtuke. Kwa kawaida humea tena, lakini amweleze daktari. Askari wa kike waahirishe ujauzito kwa miezi 12 hadi 18. Wenye kisukari wapimwe mara kwa mara, maana dawa walizozoea huenda zikawa nyingi mno kwa mwili unaopungua.

Kuhusu mazoezi, mgonjwa hutembezwa mapema, mara nyingi siku ile ile au kesho yake, ili damu isigande miguuni. Lakini asiinue vitu vizito wala asirudi kwenye kwata na kuruka vizuizi kwa wiki nne hadi sita, mpaka daktari aandike ruhusa.

Mambo yafuatayo hayangoji asubuhi: mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega, kupumua kwa shida, na kuvimba mguu mmoja. Nako kutapika kunakoendelea kwa siku mbili au tatu si jambo la kuvumilia kiaskari. Ganzi ya miguu, macho kuona viwili viwili au kuyumba ni amri ya kwenda hospitali mara moja, na kumtajia daktari yeyote utakayemkuta kwamba umepasuliwa tumbo.

WAJIBU WETU SOTE

Sajini alipona, ila si upesi. Ilimchukua miezi kadhaa kutembea bila fimbo, na mpaka leo vidole vyake vya mguu wa kushoto vina ganzi kidogo. Uzito wake sasa ni kilo 94. Mashtaka yale yalifutwa. Tulipomtembelea kumwomba radhi, na kumwomba pia ruhusa ya kuandika habari hii, hakutulaumu. Alisema tu, “Afande, njaa sikuiogopa, niliogopa kicheko.”

Neno hilo lilituchoma, kwa kuwa kicheko kile kilikuwa chetu. Tunawaomba makamanda watoe nafasi kwa askari aliyepasuliwa ale mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo, hata akiwa kazini. Tunawaomba wapishi wa mabwalo wamtengee samaki wake na mchuzi wake pasipo kuguna. Na sisi wa mezani tujifunze kwamba mwenzetu akisema ameshiba, basi ameshiba. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba cha mtu huyu, ingawa ni kidogo, kinamtosha kulitumikia taifa.