Damu ya Borabu na Sotik ingeweza kuepukika

Kila uchaguzi ukikaribia, swali hili hurudi barazani: je, damu iliyomwagika mpakani mwa Wakisii na Wakipsigis ingeweza kuepukika? Wapo wasemao kwamba makabila mawili yakidai ardhi moja, mwisho wake ni panga tu. Mimi sikubali.

Tuanze na ardhi yenyewe. Borabu, Kaunti ya Nyamira, ilikuwa mashamba ya walowezi wazungu. Wakati wa uhuru yalinunuliwa, yakakatwa vipande, na Wakisii wengi wakapata makazi huko. Ng'ambo, upande wa Sotik, wapo Wakipsigis walioshikilia kwamba hayo yalikuwa malisho ya babu zao kabla ya mzungu. Juu ya hayo, mpaka huo ulikuwa mpaka wa mikoa pia: Nyanza huku, Bonde la Ufa kule. Tena Kisii imebanana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba.

Hata hivyo, majirani hawa walikuwa wakiuziana na kununuliana katika soko la Chepilat, lililo mpakani hapo hapo. Wizi wa ng'ombe ulikuwapo, na wazee waliketi wakaumaliza. Moto mkubwa uliwaka 1991 na 1992, vyama vingi viliporudi na baadhi ya wanasiasa wa Bonde la Ufa wakahubiri majimbo kwa maana ya kuwafukuza "wageni". Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ukawaka tena, na Chepilat ikateketea.

Watu hupenda kulinganisha na Marekani, iliyopigana yenyewe kwa yenyewe kuanzia 1861 hadi 1865. Huko nako walichora mstari, mwaka 1820, kugawa maeneo mapya ya utumwa na yasiyo na utumwa. Mstari ule uliahirisha vita tu, kwa sababu ugomvi ulikuwa kama binadamu aweza kumilikiwa na mwenzake. Hilo huwezi kuligawa nusu kwa nusu. Ugomvi wa Borabu ulikuwa wa ekari, hatimiliki na mifugo. Ekari hupimwa, hatimiliki huamuliwa mahakamani, na mifugo hulipwa.

Sisi wapwani tusidhani hii ni habari ya bara. Agosti 1997 Likoni ilichomwa, na vikaratasi vikawaambia watu wa bara warudi kwao. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa 1998, ilichunguza Likoni pamoja na mapigano ya Gucha na Trans Mara, huko huko Kisii mpakani na Wamaasai. Ripoti yake iliwataja watu waliostahili kuchunguzwa, lakini haikutolewa hadharani hadi 2002. Miaka mitano baadaye nchi ikaungua, na zaidi ya watu 1,100 wakafa.

Ndiyo maana nasema ingeepukika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu ulionyeshwa kwa maandishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 188, imeweka njia ya kubadilisha mipaka ya kaunti kupitia tume huru na Bunge. Kwa hiyo mwanasiasa akija kwako, awe Nyamira au Kwale, akakwambia jirani yako ni mgeni, muulize kwa nini hakwenda huko.