Istilahi za Msingi za XML katika Mawasiliano na Ruta: Kuidhinisha, Kuthibitisha na Kuhifadhi Usanidi

Lugha ya XML, iliyopitishwa na W3C mwaka 1998, hupanga data katika elementi zinazofunguliwa na kufungwa kwa lebo. Sifa za elementi huandikwa ndani ya lebo inayofungua. Lugha hiyo ndiyo inayobeba ujumbe wa NETCONF, itifaki ya kusanidi vifaa vya mtandao iliyochapishwa na IETF mwaka 2006 na kurekebishwa mwaka 2011 katika RFC 6241.

Katika itifaki hii, programu ya fundi huitwa mteja na ruta huitwa seva. Kikao huanza kwa pande mbili kutangaziana uwezo wao. Kisha mteja hutuma ombi ndani ya elementi ya rpc, na ruta hujibu kwa rpc-reply. Sifa ya message-id hurudiwa katika jibu ili kuonesha ni la ombi lipi. Majina hayo hayatafsiriwi, kwa kuwa ruta hutambua yaliyowekwa na kiwango tu. Kinachohitaji Kiswahili ni maelezo yanayomwongoza fundi, na hapo ndipo kitenzi "hifadhi" kinapozua utata.

Chukulia kwamba fundi aliyeko Dar es Salaam anabadili anwani ya ruta iliyoko Mabawa, jijini Tanga. Mabadiliko huandikwa kwanza katika usanidi wa rasimu, ambao bado haufanyi kazi. Kuidhinisha ni kuifanya rasimu hiyo kuwa usanidi tendaji. Ruta yenye uwezo wa uidhinishaji wa masharti husubiri kuthibitishwa ikiwa mteja ameomba hivyo. Muda usipotajwa, husubiri sekunde 600. Anwani ikiwa imekosewa na mawasiliano yakakatika, uthibitisho hautafika, na ruta itarejea yenyewe katika usanidi wa awali, bila mtu kulazimika kusafiri hadi Tanga. Kuhifadhi ni hatua ya tatu: katika ruta zenye usanidi wa kuanzia uliotengwa, usanidi tendaji usiponakiliwa humo, mabadiliko hupotea umeme unapokatika.

Kwa hiyo, mwongozo unaotumia "hifadhi" kwa hatua zote tatu humwacha fundi asijue kama kazi yake inangoja uthibitisho au itadumu baada ya ruta kuzimika. Inafaa kitenzi hicho kibaki kwa hatua ya mwisho pekee, na mahali panapowekwa usanidi paitwe ghala la usanidi.