Fedha za zahanati ni amana: nani anaziuliza?

Baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja wa jamaa yetu hapa Bariadi alinijia na kikaratasi mkononi. Mkaza mwanawe ana mimba ya miezi minane, na zahanati ya kijijini kwao ilikuwa imemwandikia vitu vya kununua kabla ya kujifungua: glovu, pamba, uzi wa kushonea, karatasi ya nailoni. Alitaka msikiti umsaidie. Tulimsaidia, alhamdulillahi, lakini swali lake halikuondoka nasi: "Ustadhi, si tunaambiwa mama mjamzito halipi?"

Sera inasema hivyo, na watoto walio chini ya miaka mitano nao wamesamehewa. Basi vifaa hukwama wapi?

Zamani jibu lilikuwa jepesi: halmashauri. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilipitia huko, na zahanati ya mbali ikangoja hisani ya mjini. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha hizo huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo. Huko pia ndiko yanakokwenda malipo ya wagonjwa na ya bima. Na kila kituo kina Kamati ya Usimamizi, ambamo wamo wawakilishi wa wananchi wenyewe, wenye haki ya kupitisha mpango na bajeti, kuona hesabu, na kushuhudia dawa zinapopokelewa.

Nilimwuliza mzee mwenyekiti wa kamati ya zahanati yao ni nani. Hakumjua. Nakiri kwamba hata mimi, katibu wa msikiti, siku ile sikumjua wa kwetu.

Ajabu ni kwamba sanduku letu la Ijumaa huhesabiwa mbele ya mashahidi. Zikipungua shilingi 5,000, nitaulizwa kabla sijavaa viatu. Zahanati inayopokea fedha nyingi kuliko sanduku lile hatuiulizi neno, kisha tunanung'unika barazani.

Sisemi kwamba kila upungufu ni wizi. Mwaka 2001, mjini Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti zao. Kwetu ahadi hiyo imekuwa nzito kutimia. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku na mchana hawezi pia kuwa mhasibu. Na mkoa wetu huishi kwa pamba: fedha huonekana pamba inapouzwa, ilhali uzazi haungoji msimu. Lakini upungufu uliotajwa kwenye kikao na kuandikwa kwenye muhtasari unaweza kufuatiliwa hadi halmashauri. Ule unaoishia kwenye kikaratasi cha mgonjwa haufiki popote.

Mzee amekwenda ofisi ya kijiji kuuliza tarehe ya kikao kijacho, maana kamati hizi hutakiwa kukutana kila robo mwaka. Sisi, inshallah, Ijumaa hii tutasoma majina ya wajumbe wa zahanati yetu baada ya swala, upande wa kina mama wakisikia pia.