Matembezi ya Plečnik mjini Ljubljana

Matembezi ya Plečnik ni ziara ya kuongozwa inayofanywa kwa miguu mjini Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ili kuona kazi za msanifu majengo Jože Plečnik (23 Januari 1872 – 7 Januari 1957). Viongozi wa watalii huipanga ziara hiyo kwa namna mbalimbali, lakini vituo vyake vikuu ni madaraja, soko, maktaba na nyumba aliyoishi mwenyewe. Kazi hizo hueleweka zaidi kwa mtu anayetembea, kwa sababu Plečnik hakusanifu majengo peke yake. Alisanifu pia njia za kutoka jengo moja hadi jingine.

Msanifu na mji wake

Plečnik alizaliwa Ljubljana, wakati mji huo ulipokuwa chini ya Dola la Austria-Hungaria. Baba yake alikuwa seremala wa samani. Alisomea usanifu mjini Vienna chini ya Otto Wagner, akafanya kazi huko, kisha akahamia Praha. Rais wa kwanza wa Chekoslovakia, Tomáš Masaryk, alimkabidhi kazi ya kukarabati Ngome ya Praha.

Mwaka 1921 alirudi nyumbani kufundisha usanifu katika Chuo Kikuu cha Ljubljana, kilichoanzishwa mwaka 1919. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa imeharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1895. Waslovenia hawakuwa na dola lao wenyewe, lakini walitaka mji wao uwe na sura ya mji mkuu wa taifa. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache, Plečnik alitumia vitu vilivyopatikana kwa urahisi: zege, matofali, na mawe yaliyotoka kwenye majengo ya zamani.

Njia ya matembezi

Ziara nyingi huanzia Tromostovje, yaani "Daraja Tatu", katikati ya mji. Hapo palikuwa na daraja moja la mawe la mwaka 1842, ambalo lilikuwa jembamba mno kwa magari na watu. Badala ya kulibomoa, Plečnik aliongeza daraja la waenda kwa miguu kila upande, kati ya miaka 1929 na 1932. Madaraja hayo mawili yamewekwa mshazari, hivyo watu wanaotoka pande tofauti za mji huelekezwa kwenye uwanja mmoja.

Karibu na hapo, kwenye ukingo wa Mto Ljubljanica, kuna soko lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Ni jengo refu lenye safu ya nguzo, linalofuata mpindo wa mto. Plečnik alikusudia pia daraja lenye paa liunganishe soko na ng'ambo, lakini halikujengwa. Mahali hapo pana daraja jingine lililofunguliwa mwaka 2010, kazi ya msanifu mwingine.

Kwa kufuata mto kuelekea kusini, wageni hufika Čevljarski most, yaani Daraja la Washona Viatu (1931–1932). Daraja hili ni pana kuliko kawaida, maana lilikusudiwa kuwa kama uwanja juu ya maji, ambapo watu wanaweza kusimama na kuzungumza.

Kutoka mtoni, njia hupanda hadi Mtaa wa Vegova, ilipo Maktaba ya Taifa na ya Chuo Kikuu (1936–1941). Ilijengwa mahali palipokuwa na jumba la kifahari lililoharibiwa na tetemeko. Kuta zake za nje zimechanganya matofali na mawe, yakiwemo mabaki ya jumba hilo. Mgeni akiingia hukuta ukumbi wenye giza, kisha hupanda ngazi pana kati ya nguzo 32 za marumaru nyeusi hadi penye mwanga wa chumba cha kusomea. Viongozi hueleza kuwa safari hiyo fupi ni mfano wa mtu kutoka ujingani kuelekea elimu. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege ilianguka juu ya maktaba hii na moto ukateketeza vitabu vingi.

Karibu na maktaba kuna Križanke, monasteri ya zamani ambayo Plečnik aliigeuza kuwa ukumbi wa wazi wa maonyesho katika miaka ya 1950, alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Njia huendelea hadi Daraja la Trnovo, ambalo lina miti iliyopandwa juu yake. Ng'ambo ya daraja hilo ipo nyumba alimoishi tangu mwaka 1921 hadi kifo chake. Sasa ni makumbusho, na ndani yake zimehifadhiwa samani, michoro na vifaa vyake vya kazi.

Umbali kati ya Tromostovje na nyumba hiyo haufiki kilomita mbili.

Sifa na uhifadhi

Baada ya vita, wasanifu wengi walimwona Plečnik kuwa mtu wa zamani kwa sababu aliendelea kutumia nguzo na mapambo. Heshima yake kimataifa iliongezeka baada ya maonyesho ya kazi zake katika Kituo cha Pompidou, Paris, mwaka 1986. Mwaka 2021 UNESCO iliziingiza baadhi ya kazi zake za Ljubljana katika orodha ya Urithi wa Dunia, ikisisitiza kwamba mji ulipangwa kwa kumfikiria binadamu anayeutumia.

Si kazi zake zote zilizonufaika. Uwanja wa michezo wa Bežigrad, ulioanza kujengwa mwaka 1925, haumo katika orodha hiyo. Ulifungwa mwaka 2008 na umeendelea kuchakaa. Mpango wa kuujenga upya pamoja na majengo ya biashara ulipingwa na watetezi wa urithi na baadhi ya majirani. Uwanja huo uko kaskazini mwa mji, mbali na njia ya kawaida ya matembezi, hivyo mgeni anaweza kumaliza ziara nzima bila kuuona.