Programu inayokuomba uzime antivirusi

Leo tuongee juu ya kompyuta zetu za nyumbani.

Kwetu mega ni bei, kwa hiyo programu zinatembea kwa flashi, toka mkono hadi mkono, toka Goma mpaka Masisi-Centre ao Walikale-Centre. Mtu anakupa Office ya kopi pamoja na kraki ya kuvunja kufuli yake. Kando kuna maagizo: kwanza zima antivirusi.

Hapo mimi ninasema: simama.

Programu ukiianzisha, inafanya kazi kwa jina lako. Kila faili wewe unayoweza kuifuta ao kuituma, nayo inaweza. Windows ikiomba ruhusa na ukabonyeza "Oui", umeipa mashini nzima. Wengine watasema antivirusi inakataa kraki kwa sababu tu ni kraki. Mara nyingine ni kweli. Lakini kwa macho hatuwezi kutofautisha, na mwenye kuficha virusi anajua hivyo.

Virusi inajificha pia kwa jina. Mwezi wa Mei 2000, ILOVEYOU ilitoka Ufilipino ikaenea dunia nzima. Faili yake iliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, lakini Windows ilificha ule mwisho ".vbs", watu wakadhani ni barua tu. Mpaka leo Windows inaficha miisho hiyo, usipoiambia ionyeshe.

Basi tufanye hivi:

1. Pahali pa Office ya kopi, weka LibreOffice. Ni ya bure, na inafungua faili za Word. Ishushe kwenye tovuti yake yenyewe.
2. Windows 10 na 11 zina Defender ndani. Usiizime, ukipata konekisyo, ianze kupata mapya yake.
3. Katika "Affichage", washa "Extensions de noms de fichiers". Ukiona TFC.docx.exe, hiyo si TFC, ni programu.
4. Weka kopi ya TFC kwenye flashi isiyokaa ndani ya kompyuta, na nyingine kwenye imeili yako.

Kompyuta inaweza kusafishwa, Windows ikawekwa upya. Lakini watu uliowauliza maswali kule Nyabiondo ao Pinga, wengi wamekimbia vita. Majibu yao yakifutika, utawapata wapi tena?